Unakwenda kuwaona Cheap Trick? Soma hii kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Texas, yule ambaye barua yake mliitoa wiki chache zilizopita akilalamika kwamba kalipa hela nyingi kwenda kuangalia bendi ya wazee wa roki akarudi nyumbani kanuna. Kasema sauti haikuwa ile anayoijua kwenye kaseti, kasema nusu ya nyimbo hazijui, kasema shoo haikufika hata saa moja na nusu, na mwisho akatushauri Waswahili wote tulioko huku Marekani tukae nyumbani tuangalie YouTube maana wazee wameshakwisha, wanachotafuta ni hela ya uzeeni tu. Bendi hakuitaja na mi sitaki kubahatisha. Lakini ile barua iliniuma, nikaisoma mara ya pili wakati wa mapumziko kazini, nikaona huyu ndugu hakudanganywa na mtu, ila hakuna aliyemwambia mapema anakwenda kuona nini. Na hilo ndo nataka kulifanya hapa, kwa bendi moja ninayoijua vizuri.

Mi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, na sasa nina miaka 12 nakaa Rockford, Illinois, kama kilomita 140 kutoka Chicago ukielekea kaskazini magharibi. Mji wa viwanda huu, zamani ulikuwa unatoa nati na skrubu nyingi mpaka watu wakaubatiza Mji wa Skrubu. Kiswahili unakisikia hapa mpaka kwenye foleni ya supamaketi kwa sababu ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi ni wengi. Na huu ndo mji walikotokea Cheap Trick. Jimbo lenyewe linawaheshimu, mwaka 2007 seneti ya Illinois ilipitisha kwamba kila tarehe 1 Aprili iwe siku ya Cheap Trick. Kwa hiyo ukiishi hapa huwezi kukwepa, kila mtu wa makamo ana hadithi yake. Kwenye shifti yetu kuna mzee, fundi wa mashine ya kukereza vyuma, anasema aliwaona wakipiga kwenye mabaa na kumbi za boling za huku kabla hawajawa na albamu hata moja, na anakumbuka mpaka meza aliyokaa. Yeye ndo aliyenipeleka mara ya kwanza. Mpaka leo nimeshawaona mara nne.

Kwanza uwajue ni kina nani. Bendi imeanza miaka ya 1973 na 74. Robin Zander anaimba, Rick Nielsen anapiga gitaa na ndiye anayetunga nyimbo nyingi, Tom Petersson yuko kwenye besi, na kwenye dramu alikuwa Bun E. Carlos, huyo nitamrudia. Albamu ya kwanza ya studio imetoka Februari 1977, ya pili mwaka huohuo kabla haujaisha, ya tatu 1978, ya nne 1979, yaani walikuwa wanafanya kazi kama wana deni. Muziki wenyewe wanauita pawa-pop. Nikuelezee kwa lugha yetu: chukua utamu wa sauti za Beatles, ule wimbo unaoushika ukiusikia mara moja tu, alafu nyuma yake weka gitaa la roki limefunguliwa mpaka mwisho na dramu inayopigwa kwa nguvu. Mwimbaji anakubembeleza, gitaa linakupiga. Ndo hiyo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sisi tuliolelewa na muziki wa dansi lazima tulijue mapema, na nadhani ndipo ndugu yangu wa Texas alipokwama. Sisi masikio yetu yamezoea wimbo wa dakika nane, kumi. Mwimbaji anatoa kisa chake taratibu, hadithi inakwenda, alafu ndo linakuja chemko, gitaa zinaanza kusemezana na watu ndo wanaingia katikati ukumbini. Tunangoja lile chemko. Mara ya pili nilipokwenda nilimchukua rafiki yangu mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, mpiga solo kanisani kwao, akakaa anangoja sebene. Wimbo wa kwanza ukaisha, akaniangalia. Wa pili ukaisha. Wa tatu akaniinamia sikioni akaniuliza kwa nini wanakata kila kitu kikianza kunoga. Nikamwambia kaka, hapa hakuna chemko linalokuja, wimbo mzima ndo chemko, dakika tatu tu, umeingia na umetoka. Alivyolielewa hilo akaacha kungoja, na kuanzia hapo sikumsikia tena, alikuwa ameegemea mbele kabisa macho kwenye vidole vya Rick. Kwa hiyo ukienda, usingoje. Anza kusikiliza kuanzia sekunde ya kwanza kwa sababu kizuri chao chote wanakitoa hapohapo.

Na sekunde ya kwanza yenyewe inakuja kwa kishindo. Mara nyingi wanafungua na Hello There, wimbo wa 1977 ambao hata dakika mbili haufiki, wenyewe ni salamu tu ya kuwauliza watu kama wako tayari. Hakuna mtu wa kuja kuongea nusu saa, hakuna moshi wa kukungojesha. Taa zinazimika, sauti moja inatangaza bendi, na hapohapo unapigwa na ukuta wa gitaa. Mi mara ya kwanza nilikuwa bado nashika soda mkononi natafuta namba ya kiti changu, nikaukosa wimbo wote wa kwanza. Kwa hiyo ingia mapema. Kama tiketi imeandikwa saa 2 usiku, wewe saa 1 na robo uwe umeshakaa.

Sauti ya spika ni kubwa mno na sisemi kwa kuogopesha. Ni kubwa kweli. Nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji vya dola moja mbili, na mtoto mnunulie vile vikubwa vya kufunika masikio kama wanavyovaa mafundi. Nimeona watu wazima hawavai kwa aibu. Hakuna aibu hapo, sisi kiwandani tunavaa kila siku na bado tunasikiana.

Tuje kwenye sauti ya Robin Zander maana ndo malalamiko makubwa ya yule ndugu, kwamba wazee hawaimbi tena kama zamani. Robin kazaliwa Januari 1953. Rick kazaliwa Desemba 1948, piga hesabu mwenyewe. Ukienda pale ukitegemea sauti ya kijana wa miaka 25 utarudi umenuna hata wewe. Lakini mi nilimwangalia kwa makini mara ya tatu, nilipata nafasi ya pembeni karibu kabisa na jukwaa. Kavaa suti inayong'aa, kofia, miwani ya jua. Kabla ya noti ya juu anarudi nyuma nusu hatua, anakishusha kidevu, anaivuta pumzi kutoka tumboni, mkono wa kushoto unakunja ngumi pembeni ya paja, alafu ndo anaiachia. Nyingi anazipata safi, zinatoka na mkwaruzo kidogo ambao kwenye rekodi za zamani haukuwepo, na mi ule mkwaruzo naupenda. Chache anawaachia wengine, mwanawe Robin Taylor Zander yuko pembeni na gitaa anasaidia sauti, na kuna sehemu anawanyooshea watu maiki wamalizie. Huyo sio mtu aliyekwisha. Ni mtu anayejua chombo chake kimebaki na nini na anakitumia bila kukivunja, kwa sababu kesho anaimba tena mji mwingine. Wenyewe wanasema wameshapiga shoo zaidi ya 5,000. Hebu fikiria koo la binadamu linabeba kazi hiyo.

Na tena pale unasikia kinachopigwa. Kosa ukilisikia ni kosa la kweli la mkono wa mtu. Mara ya pili Rick alikosea mwanzo wa wimbo mmoja, wakasimama, akacheka, wakaanza upya, na watu walipiga makofi kuliko wimbo wowote uliotangulia. Huko YouTube alikotuelekeza ndugu yangu hukipati hicho.

Rick ndo wa kumwangalia. Kapelo kichwani, mara nyingi ukingo wake kaupindua juu, nguo za mraba mweusi mraba mweupe kama ubao wa drafti, na hatulii, anaruka, anakodoa macho, anawafanyia watu sura za ajabu. Karibu kila wimbo anabadilisha gitaa, kijana wake wa jukwaani anatoka mbio na jingine ameshalityuni. Magitaa kayakusanya maisha yake yote, mpaka mwaka 2012 jumba la makumbusho la hapa Rockford liitwalo Burpee likayafanyia maonyesho. Na anarusha piki, vile vidude vya plastiki vya kupigia gitaa, anarusha nyingi mno, hujawahi kuona. Nilikuwa karibu nikaona anavyofanya: stendi yake ya maiki imebandikwa piki kutoka juu mpaka chini, zimepangana kama magamba ya samaki, yeye anapiga gitaa, mkono wa kulia unaacha nyuzi kidogo tu, kidole kinachomoa moja na kuifyatua kwa watu, na mkono umerudi kwenye nyuzi kabla hujajua kama aliondoka. Anafanya hivo usiku kucha na wimbo hauyumbi. Wakati mwingine anakamata konzi nzima anamwaga. Watoto wanagombania, watu wazima wanagombania, mzee wa shifti yetu ana kopo zima nyumbani.

Besi ya Tom Petersson ni hadithi yake peke yake na namwomba kila mpiga besi wa Kiswahili anayesoma hapa aende akaisikie. Besi tulizozoea zina nyuzi nne. Ya kwake ina 12, kila uzi mnene umewekewa wembamba wawili pembeni wanalia juu yake. Yeye na kampuni ya Hamer ya hukuhuku Illinois ndo walioitengeneza miaka hiyo ya 70. Kwa spika ya simu huwezi kuijua. Ukiwa ukumbini akigusa uzi mmoja unasikia vitu viwili kwa pamoja, chini kuna mngurumo unaokutetemesha kifua na juu kuna kitu kama kinanda kinalia. Yule rafiki yangu wa Bukavu alinishika mkono akaniuliza gitaa la tatu liko wapi, anahesabu watu jukwaani na hesabu haitimii. Nikamwonyesha Tom. Akanyamaza wimbo mzima. Huyu Tom mwaka 2021 alifanyiwa opereshini kubwa ya moyo, ikabidi Robin Taylor ashike besi mpaka mzee apone. Alirudi. Sasa mtu kapasuliwa kifua alafu karudi kusimama na lile libesi zito begani usiku baada ya usiku, mi naona aibu kumwambia apumzike. Akitaka kupumzika atasema mwenyewe.

Kuhusu dramu. Ukienda hutamkuta Bun E. Carlos, yule bwana mwenye miwani na tai aliyekuwa anaonekana kama karani wa benki. Tangu 2010 kwenye ziara anayepiga ni Daxx Nielsen, mtoto wa Rick. Carlos na wenzake walifikishana mahakamani 2013, yakaisha 2015, na mwaka 2016 walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ile heshima ya wakongwe wa roki, kwenye sherehe kule Brooklyn walisimama wote wanne wakapiga pamoja, nikaangalia kwenye TV nikafurahi. Mashabiki wa zamani wengine bado wana kinyongo na hilo, mzee wetu wa shifti anasema dramu ya Carlos ilikuwa inapumua na ya kijana inakimbia. Namheshimu lakini sikubaliani naye. Daxx anapiga kwa nguvu kweli, bega zima linashuka, na kuna wakati baba yake anageuka anaipa mgongo hadhira yote anamwangalia tu kijana wake anavyopiga, kama mtu aliyesahau yuko kazini. Sisi kwetu hilo sio geni. Mtoto wa TX Moshi William alisimama kwenye maiki ya Msondo baada ya baba yake kufariki na tulimpokea. Kwenye bendi iliyoishi muda mrefu watoto wanakua nyuma ya spika, ukimwona kijana pale usiseme hii sio bendi yenyewe.

Sasa nyimbo. Yule ndugu analalamika nusu hazijui. Kwa Cheap Trick jiandae kabisa, maana wana desturi ya kubadilisha mpangilio wa nyimbo kila usiku, shoo ya Ijumaa na ya Jumamosi hazifanani. Mara zote nne nilizoenda hakuna mara nyimbo zilikuwa zilezile. Kuna chache hawaziachi kwa sababu watu wangevunja viti, lakini katikati wanachimba, wanaleta kitu cha upande wa pili wa albamu ya 1979, au cha 1982, au kipya kabisa. Hapo ndo unaona watu wa jana na juzi wanakwenda kununua bia na wenye bendi yao wanasogea mbele. Mi nakushauri ukae. Nyimbo mbili ninazozipenda kuliko zote leo nilizisikia mara ya kwanza palepale, sikuwa nazijua, nikarudi nyumbani saa sita usiku nikazitafuta mpaka nikazipata. Ukitaka kujiandaa, wiki mbili kabla sikiliza zile albamu nne za kwanza ukiwa unaendesha gari kwenda kazini, zinatosha.

Na lazima niseme habari ya Budokan kwa sababu bila hiyo hutaelewa kinachotokea watu wakianza kuitikia. Mwaka 1978 Marekani ilikuwa haiwajali sana hawa jamaa, albamu tatu na hakuna kilicholipuka. Lakini Japani vijana walikuwa wamepagawa nao. Aprili 1978 wakaenda Tokyo wakapiga Nippon Budokan, ule ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, na shoo ikarekodiwa iuzwe kulekule Japani tu. Nakala zikaanza kuvuka bahari, watu wa huku wakawa wanazinunua kwa bei ya bidhaa kutoka nje, mwisho kampuni ikakubali kuitoa Marekani mwanzoni mwa 1979 na ndo ikawafungulia mlango, imeshauza zaidi ya nakala milioni tatu hapa Marekani peke yake. Wimbo wa I Want You to Want Me, ambao studio ulitoka 1977 ukapita kimya huku, uleule kwa sauti ya Budokan ukafika namba 7 kwenye chati za Marekani. Na tofauti ni nini? Ni wale wasichana wa Kijapani. Wanapiga kelele mwanzo mwisho, na kuna sehemu Robin akimaliza mstari wao wanamrudishia neno la mwisho mara mbili kwa pamoja. Hawakupangiwa na mtu. Leo miaka mingi baadaye, Illinois, katikati ya mashamba ya mahindi, mstari huo ukifika watu elfu kadhaa wanaitikia neno lilelile palepale walipoitikia wale wasichana wa Tokyo. Mi nywele zinanisimama kila mara. Kwa bahati mwaka huohuo 1978 ndo Sikinde walikuwa wanaanzishwa Dar, na wewe uliyewahi kusimama DDC Kariakoo watu wakimwitikia mwimbaji kabla hajamaliza unajua ninachokisema, pale wimbo unakuwa sio wa bendi tena.

The Flame nao wataupiga mara nyingi, ule wa polepole uliofika namba moja mwaka 1988. Simu zote zinawashwa. Sawa, piga video dakika moja, alafu shusha mkono, kuna mtu nyuma yako na yeye kalipa.

Watu wanaokwenda utawakuta wa kila umri. Babu kavaa fulana ya ziara ya 1979 imembana tumbo, mama wa miaka 50 na binti yake, vijana waliowajua bendi kwa sababu ya ule wimbo wa kufungulia tamthilia ya That '70s Show. Mara ya kwanza kwenye mstari wetu mi nilikuwa Mwafrika peke yangu, na nilikaa kwa wasiwasi kidogo, siwezi kusema uongo. Bibi mmoja pembeni yangu akaniuliza nimetokea wapi, nikamwambia Tanga, Tanzania, hakujua iko wapi lakini akanigawia bisi zake na kila wimbo ukianza alikuwa ananipigia kelele sikioni mwaka uliotoka. Nilitoka pale nina darasa zima la historia.

Kuhusu hela nina uchungu, na hapa namuunga mkono ndugu wa Texas kabisa. Mara ya tatu nilichelewa, nikanunua tiketi kwenye mtandao mmoja wa watu wanaouza tena tiketi, nikalipa karibu mara tatu ya bei ya dirishani, na juu yake wakaongeza ada ambayo haikuonekana mpaka nimefika ukurasa wa kulipia. Nilivyofika ukumbini dirishani bado walikuwa na viti, safu ileile niliyokaa, kwa bei ya kawaida. Nilijisikia vibaya wiki nzima maana ile hela ilikuwa ya ovataimu ya Jumamosi mbili. Kwa hiyo nawaomba, anza kuangalia kwenye tovuti ya bendi na ya ukumbi wenyewe, piga simu ukumbini, na ikibidi nenda dirishani siku hiyohiyo. Na usiogope zile shoo za kwenye viwanja vya maonyesho ya kaunti, yale kama Nanenane yetu, kuna ng'ombe wa mashindano, kuna mahindi ya kuchoma, na jioni kuna bendi. Cheap Trick hawadharau viwanja hivyo. Yangu ya kwanza ilikuwa hukohuko na tiketi ilikuwa rahisi kuliko chakula cha watu watatu mgahawani.

Ila uwanja wa wazi angalia mbingu, hili nalisema kwa uzito. Tarehe 17 Julai 2011 kwenye tamasha la Ottawa, Kanada, hawahawa Cheap Trick walikuwa jukwaani wanapiga, dhoruba ikaja kwa dakika chache tu, paa zima la jukwaa likaanguka. Lori la vyombo vyao lilikuwa limeegeshwa nyuma, paa likaegemea pale na ndo wakapata mwanya wa kukimbia. Dereva wao aliumia, lakini hakufa mtu. Haikupita hata mwezi, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana jukwaa la wasanii wengine likaanguka, watu 7 wakafa. Kwa hiyo wakisema shoo imesimama kwa ajili ya radi usibaki pale kulinda kiti chako, ondoka nenda kwenye gari.

Muda. Wakiwa wenyewe ndo wakubwa wa usiku huo hesabu dakika 90 hivi, wakiwa na bendi nyingine kubwa, kama walivyozunguka na Heart, hesabu saa moja na kidogo. Sio fupi hiyo. Kwa nyimbo za dakika tatu tatu umeshapata nyimbo 18 au zaidi na wenye bendi wana miaka sabini, hawajakaa chini hata mara moja. Usiondoke wakiaga mara ya kwanza, watarudi. Mara nyingi Surrender wanauweka mwishoni, wimbo wa kijana anayegundua kwamba wazazi wake nao walikuwa vijana, na sasa unaimbwa na wazee, na waliokaa mbele ni wajukuu, kila mtu amesimama. Alafu Rick anakuja na gitaa lake la shingo tano. Tano kweli. Mara ya mwisho nilikwenda na binti yangu wa miaka 11, alikuwa amechoka anasinzia begani kwangu na vile vifuniko vyekundu vya masikio, akaliona lile gitaa linaingia, akasimama juu ya kiti akaanza kuhesabu shingo kwa sauti, kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, na bibi wa mbele yetu akageuka akamalizia kuhesabu naye kwa Kiingereza.

Taa zilipowashwa tulikaa tungoje msongamano wa magari upungue. Wafanyakazi walikuwa wameshaanza kufagia vikombe. Binti akainama chini ya viti vya mstari wa mbele akatoka na piki moja nyeusi, ina alama ya kiatu juu yake, mtu kaikanyaga usiku kucha bila kujua. Akaifuta kwenye gauni. Sasa iko kwenye mfuko wake wa kalamu na hataki mtu aiguse.

Ndugu yangu wa Texas, kama unasoma hapa, bado sijakuelewa vibaya na hela yako ilikuuma kwa haki. Wakipiga tena huku nyumbani kwao nitaandika tena kwa Mhariri, gari langu lina nafasi mbili, na vizibo vya masikio nitanunua mimi.

Msomaji wenu,
Mtu wa Ngamiani, Rockford, Illinois